Aliyekunja Taulo Kabla Yangu

Jumapili, Januari 6

Daftari hili lilibaki kwenye vifaa vya shule vya Twyla. Sijui watu huanzaje kujiandikia mambo yao. Barua ndiyo naijua, nilikuwa namwandikia mama kila mwezi, basi naanza kama barua.

Salamu kwanza. Odell mume wangu mzima, ila mgongo bado unamsumbua tangu mgodi wa fosfeti ulipompumzisha. Kezia, binti yangu mkubwa, mzima, na kesho anaanza shule mpya. Twyla mdogo mzima, jino la mbele linacheza na hataki liguswe. Mama kule Mulberry mzima, sukari imeshuka. Dada yangu Earlene mzima, na mdomo wake mzima. Mbwa wetu tumemwacha kwa Earlene, huku mbwa hawaruhusiwi. Mimi Luvenia mzima.

Na nyumba nayo nimeisalimu. Jana nilipofungua mlango nilipiga hodi, sijui kwa nini. Twyla akacheka, akaniuliza mama, unambishia nani hodi? Nilisubiri kidogo kabla ya kuingia, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

Si yetu. Inauzwa. Kampuni ya Bi Voss huweka watu kama sisi kwenye majumba yanayouzwa, ili mnunuzi akiingia akute pana uhai, si pango. Kodi tunatoa kidogo sana. Kazi yetu ni kuiweka nyumba kana kwamba watu wenye maisha mazuri wanaishi humo na wametoka mara moja tu. Ikiuzwa tunaondoka. Tukifanya vizuri tunapewa nyingine.

Bi Voss alinishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Luvenia, mpenzi, aliyekuwa hapa kabla yako alishindwa. Mwaka mzima nyumba haikutoka. Nyumba inamjua mtu anayejituma na inamjua mvivu. Wewe jitume tu, utaona."

Nimemwambia nitajituma. Ila ukweli wangu nauandika hapa. Sikuja kwa ajili ya nyumba. Nimekuja kwa sababu ya shule ya eneo hili. Wana darasa la uuguzi. Mwanafunzi akifaulu mtihani wa mwezi wa tano, hospitali inamchukua na kumsomesha mpaka mwisho. Sharti ni moja, mtoto awe anakaa ndani ya eneo. Ukihama eneo, umehama shule.

Basi naomba kitu kimoja tu. Tukae hapa mpaka Mei.


Jumatano, Januari 9

Leo wamekuja wanunuzi wa kwanza. Simu ikilia ni mbio. Miswaki yote kwenye kikapu, kikapu kwenye gari. Taa zote ziwashwe, hata mchana. Viatu vyetu, dawa za Odell, midoli ya Twyla, vyote garini. Mtu akiingia asione hata unywele wa mtu.

Hatuli jikoni. Tunakula chumba cha kufulia, tumekaa kwenye ndoo na kiti kimoja. Meza kubwa imeandaliwa watu wanane, sahani, glasi, vitambaa, na haikaliwi na mtu. Katikati kuna bakuli la malimau. Malimau hayaliwi, yanatazamwa. Kukaanga samaki ni mwiko, harufu inafukuza wateja. Ukutani kuna picha za familia nisiyoijua, Bi Voss aliwanunua pamoja na fremu zao. Twyla kawapa majina. Anasema yule bibi wa kwenye ngazi hapendi tukikimbia.

Tuliegesha gari nje ya geti, tukasubiri. Unakaa unatazama watu wakipita madirishani mwa nyumba uliyolala. Wanaonyesha kwa kidole. Wanacheka. Mmoja alikaa kwenye kitanda changu.

Odell akasema siku moja na sisi tutakuwa wale wa madirishani. Nikamwambia inshallah ya kwetu ni mwezi wa tano. Hakuelewa.


Jumanne, Januari 15

Ukaguzi. Bi Voss kavaa viatu vyeupe, anapitisha kidole kila mahali, hata juu ya milango.

Alipofika chumba cha juu akasimama ghafla. Nikajua nimekwisha. Kumbe anafurahi. Akaniita nione. Pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha, zimebana, hata sarafu ingeruka. Taulo za bafuni zimekunjwa mfano wa kombe la baharini. "Hii haifundishwi," akasema. "Hii mtu anaitoa moyoni. Unaona sasa tofauti yako na yule?"

Nikasema asante.

Sikukunja mimi. Mimi nakunja taulo mara tatu na basi, kama mama alivyonifundisha.

Nilidhani ni Kezia. Alipotoka shule nikamuuliza. Akasema, "Mama, mimi nitaanzia wapi kukunja kombe? Kitanda changu mwenyewe unanigombezaga." Kweli. Odell ndiyo kabisa.

Labda kampuni inaleta mtu. Lakini kwa nini wamsifu mtu wao kwa jina langu?


Ijumaa, Januari 18

Malimau yamebadilishwa. Jana mawili yalianza kulainika upande, nikajisemea kesho nitanunua. Leo yote ni mapya, yanang'aa, yamepangwa vikonyo vikitazama upande mmoja. Sijaenda dukani.

Nimemuuliza Odell. Kasema unaona, ukiwa na mawazo mazuri mambo yanajipanga yenyewe.


Jumapili, Januari 27

Baada ya kanisa tulimpigia Earlene. Twyla aliongea na mbwa kwa simu. Kisha Odell akaanza mambo ya ubao wake.

Ubao wake ni ule wa picha. Alianza kuhudhuria semina alipoachishwa kazi. Wanakwambia ubandike kila unachokitaka, utazame asubuhi, ujitume, kitakuja. Yeye kabandika mashua, bahasha nene, watu wanaocheka, na nyumba. Sasa kaniletea, kauweka chini ya taa. Ile nyumba ya kwenye picha ina matofali mekundu, minazi miwili, dirisha la duara juu ya gereji. Ndiyo hii hii, au ndugu yake wa tumbo moja. Aliibandika mwaka jana, tukiwa bado kwenye nyumba ya bati kule Mulberry.

"Niliiita ikaja," akasema. Macho yanamng'aa kama mtoto.

Earlene yuko hewani anasikia yote. Akasema, "Shemeji, ulibandika nyumba, mbona hukubandika na hati yake?"

"Dada, wewe ndiyo maana hupigi hatua. Mtu ndiye anayejichagulia maisha."

"Haya. Na mgodi ulipofungwa ulichagua wewe? Uliamka ukabandika hiyo?"

Odell akatoka nje. Mimi nikabaki na simu. Nampenda mume wangu akiwa na imani, maana nilishamwona akiwa hana. Miezi ile alikuwa anakaa tu kwenye ngazi za nje anatazama mikono yake. Afadhali ubao.

Lakini Earlene naye hakosei. Nawapenda wote wawili na siwezi kuwaweka kwenye chumba kimoja.


Jumanne, Februari 5

Leo nimelitoa kila kitu kabati la mashuka, lile la ukumbi wa juu, nilisugue. Ndani ya mlango, upande wa bawaba ambako mkaguzi hatazami, kuna mistari ya kalamu ya risasi. Mtoto alikuwa anapimwa kimo. Callie. Callie. Callie, juu kidogo. Mistari mingi kuliko ninavyodhani mtu angepiga mwaka mmoja. Mahali pote kabatini pananukia wanga wa kupigia pasi. Mimi sitii wanga.

Nilipokwenda kumchukua Twyla nilisimama kwa Bwana Pruitt, mlinzi wa geti. Mzee mpole, ana redio ya besiboli hata kama hakuna mechi. Nikamuuliza juu ya yule mvivu aliyekuwa kabla yangu.

Akaniangalia. "Nani kakwambia mvivu? Ruth Ann Teague? Yule mama alikuwa anasugua vioo mpaka mnunuzi mmoja akapasua pua, kadhani pako wazi. Sijapata kumwona amekaa."

"Sasa mbona nyumba haikutoka?"

Akaonyesha mtaa wa nyuma kwa kidevu. Kule ardhi ilititia. Asubuhi moja gereji ya watu iliingia chini na gari lake, shimo likabaki limefunua mdomo mwaka mzima wakigombana nani alifukie. Nani anunue nyumba jirani na shimo? Krismasi hii ndiyo wamelijaza, wakaleta wapimaji, wakasema ardhi ni salama. Ruth Ann kafukuzwa mwezi wa kumi na moja.

"Kwa hiyo si kosa lake," nikasema.

"Mama, angepiga deki mpaka damu itoke, lile shimo lisingejaa."

Nikamuuliza alikwenda wapi. Akasema alipita hapa getini gari limesheheni, akampungia mkono. Hakurudi. Na kuingia lazima upite kwake, nyuma kuna ziwa tu na mamba wake.

Nimerudi nikakaa kwenye ngazi, chini ya yule bibi wa kwenye fremu. Nilikuwa namdharau yule mwanamke bila kumjua. Nilikuwa nasugua sinki nikisema moyoni, mimi si kama yeye.


Jumatatu, Februari 11

Kezia kaja na habari. Kwenye darasa lake la uuguzi yupo msichana anaitwa Callie Teague. Mkimya. Aproni yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hali na wenzake.

Leo mwalimu alikuwa anapanga wanafunzi wa basi, akasoma anwani. Ya Kezia na ya Callie ni moja. Namba moja, mtaa mmoja. Mwalimu akadhani kuna aliyekosea kuandika, akauliza. Callie akasema hakuna kosa. Hivyo tu. Hakuna kosa.

Wakati wa kutoka alimngoja Kezia mlangoni. Kezia ananiambia huku anajikuna mikono, "Mama, kaniambia nikwambie usitie mvuke mwingi kwenye mapazia ya sebuleni. Yanaacha alama."

Nilikuwa nimeyapiga pasi asubuhi. Nimekwenda kuyatazama. Yana alama.

Sijamwambia Odell. Nimemwambia Kezia asiseme shuleni, na amchukulie yule binti chakula. Mtoto asiyekula na wenzake mara nyingi hana cha kula.


Jumatano, Februari 13

Wanunuzi mara tatu leo. Tulikaa garini mpaka Twyla akalala na kikapu cha miswaki mapajani. Tangu shimo lijazwe wanakuja kama nzi. Bi Voss ananipigia, anaimba. "Ni wewe, Luvenia. Mikono yako."

Mpaka Mei haifiki. Kwa mwendo huu hata Machi haiishi.


Ijumaa, Februari 15

Nimemwaga yote kwa Earlene. Kuhusu shule, kuhusu mtihani. Habari za taulo nimeziacha, angesema nimerukwa akili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijatokea tangu tuzaliwe. Halafu akasema, "Dada, hebu nieleweshe. Ukishindwa kazi unatolewa. Ukiiweza kazi unatolewa. Hapo kujituma kunaingilia dirisha gani?"

"Sijui."

"Basi kaanga samaki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema usikatae kazi, usigombane na mtu, usivunje kitu. Kaanga samaki tu, funga madirisha, ondoka. Siku moja moja. Mteja akunje pua aende zake. Wewe ufike Mei. "Umeambiwa maisha ni kuchagua. Haya, chagua."


Jumamosi, Februari 16

Watoto wamelala, naandika.

Walikuwa waje mchana, mume na mke kutoka Ohio. Nilimtuma Odell na watoto watangulie kwa basi kwa mama Mulberry. Nikatoa samaki, wale wa mafuta mengi, nikawakaanga kwa unga wa mahindi kama vile nyumbani. Sufuria mbili za mafuta. Moshi ukapanda mpaka kwenye zile picha za watu. Niliacha magamba kwenye sinki. Niliacha kikaango kwenye jiko. Nikafunga kila dirisha, nikaenda kukaa garini ng'ambo ya geti, nguo zangu zinanuka mpaka Bwana Pruitt akauliza nimemwachia kipande?

Nililia kidogo. Sikuwahi kufanya kazi vibaya kwa makusudi maishani mwangu. Unahisi kama umejivua nguo hadharani.

Watu wa Ohio wakaingia. Nikasubiri watoke wamejiziba pua. Hawakutoka. Walikaa ndani hata nikafikiri wamesahau. Nilitazama madirisha. Mume alipita sebuleni. Mke alipita ngazini. Dalali alipita. Kisha juu, kwenye lile dirisha la duara la juu ya gereji, mahali ambapo hakuna chumba, hakuna ngazi ninayoijua, alisimama mtu amefunga kitambaa kichwani. Hakuwa anatazama ziwa wala bustani. Alikuwa ananitazama mimi. Akatikisa kichwa polepole, kama mama anavyomtikisia mtoto aliyemwaga maziwa.

Walipoondoka nikaingia.

Hakuna harufu. Madirisha yote yamefungwa kama nilivyoyafunga, na hakuna harufu. Pananukia malimau na nguo zilizotiwa wanga. Sinki limekauka. Kikaango kimeoshwa, kimepakwa mafuta, kimetundikwa. Wale samaki niliowaacha wako kwenye chumba cha kufulia, juu ya ile ndoo tunayokalia, wamefunikwa kwa sahani ili wasipoe. Walikuwa wanne. Tuko wanne.

Bi Voss kapiga simu kabla sijakaa. Watu wa Ohio wanainunua. "Mke kasema aliingia tu akahisi kuna mtu anaipenda hii nyumba. Sasa niambie, Luvenia, je, kujituma hakulipi?"

Nikasema kunalipa.

Wenzangu waliporudi tumewala wale samaki. Sikujua la kufanya nao vingine.


Jumatatu, Machi 4

Siku nyingi sijaandika. Makaratasi ya watu wa Ohio yanakwenda. Tunatoka mwisho wa wiki ya tatu.

Bi Voss kaja na keki. Picha yangu imewekwa ukutani ofisini kwao, mimi na aproni, na neno chini yake, kaniambia ni neno la kusifu. Tumepandishwa. Tumepewa jumba la ufukweni, mara mbili ya hili, kusini kabisa, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari. Odell kamkumbatia. Kesho kutwa ataongeza bahari kwenye ubao.

Nikamwomba Bi Voss pembeni. Nikamweleza habari ya Kezia. Chumba chochote, nikasema, hata kibovu, ndani ya eneo hili, mpaka Mei tu. Nitafanya usafi bure.

Alinisikiliza vizuri. Si mtu mbaya, andika hivyo Luvenia, si mtu mbaya. Alitokwa na machozi. Akasema yeye mwenyewe alilelewa kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, na watoto saba, na hakuna aliyempa kitu, kila alichonacho kakitoa mikononi mwake. "Unaweza kukataa, mpenzi. Hakuna anayekulazimisha. Lakini ukikataa umetoka kwenye mpango. Ni uchaguzi wako, na nitauheshimu."

Hata Ruth Ann aliheshimiwa hivyo hivyo, nadhani.


Jumapili, Machi 10

Tumezunguka mitaa yote kutafuta chumba. Ndani ya eneo hili hakuna chumba cha watu kama sisi. Hakuna hata pa kuegesha karavani, kuna kibao cha kukataza.

Kezia kasema, "Mama, acha. Nitasoma kwingine." Kasema kwa sauti ya kunifariji mimi. Nilimwona kashika kile kitabu chake cha mifupa, amekifunika na shuka mpya ya kampuni kisichafuke.

Nikamuuliza Callie yuko vipi. Akasema sasa ndiye wa kwanza darasani. Anafanya mazoezi ya kutandika kitanda cha mgonjwa huku kafumba macho, na pembe zinatoka kama bahasha.

"Anakaa wapi, umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema kwao hawajahama."


Alhamisi, Machi 14

Nimekuwa nikikaa kimya mchana, Odell akiwa kwenye vibarua. Nazima mashine zote, nasikiliza. Nyumba hii haigongi, haikwaruzi kama nyumba zenye panya. Inafanya sauti moja tu, ndogo, juu ya gereji. Pasi inapowekwa kwenye ubao wake, ikapumua.

Zamani ningetoka mbio. Sasa nasubiri ile sauti kama mtu anavyosubiri jirani akohoe ukutani, ajue hayuko peke yake.

Nimejaribu kukunja taulo kama yeye. Nikishindwa naziacha. Nikirudi nakuta moja imekunjwa nusu, imeachwa hivyo, nione mkono unapogeukia.

Leo nimeweza.


Jumatano, Machi 20

Maboksi. Odell kapakia nusu kwenye gari la kukodi, anaimba. Kesho anatangulia nayo, sisi tufuate Ijumaa. Kaniuliza mbona sifurahi, watu wanaomba bahati hii usiku na mchana. Nikamwambia nimechoka tu. Kanifunika mabega kwa koti lake. Akasema, "Mke wangu, umetupandisha. Peke yako." Sikuweza kumtazama.

Nilikwenda kutoa mashuka kabatini mara ya mwisho. Nikasogea nione jina la yule mtoto.

Chini ya Callie kuna mstari mpya. Twyla. Mwandiko ni ule ule, herufi ndefu zilizolala kidogo.

Nikamwita. Nikamsimamisha pale. Mstari unamgusa utosini barabara.

"Nani alikupima?"

"Yule mama."

"Yupi? Wa kwenye picha?"

Akaniona mjinga. "Mama, wa kwenye picha ni picha. Yule wa juu. Kaniambia nivue viatu kwanza. Kaliangalia jino langu, kasema usilivute, litatoka lenyewe." Akafungua mdomo. Jino halipo. "Kaliweka yeye, lisipotee."


Alhamisi, Machi 21

Odell kaondoka asubuhi. Alitoka getini akipiga honi mpaka Bwana Pruitt akacheka. Nimemwambia tutafuata kesho. Sijamwambia zaidi ya hapo. Ee Mungu, nitamwambia, lakini si leo.

Watu wa Ohio wanaingia kesho, na fundi anabadilisha vitasa asubuhi. Watoto wako shuleni. Nyumba ni tupu na inang'aa. Nimeweka malimau mapya, nikageuza vikonyo upande mmoja.

Nimeandika karatasi, nitaiweka kwenye rafu ya mashuka, kati ya taulo mbili. Nainakili hapa kwanza nisikosee.

Kwako Ruth Ann Teague.

Salamu nyingi kutoka kwa sisi wote. Mume wangu Odell mzima, yuko njiani kuelekea kusini. Kezia mzima, anamsifu sana binti yako, anasema bila yeye asingejua kufunga bandeji. Twyla mzima, umeshamwona, na asante kwa jino. Mama yangu mzima. Dada yangu Earlene mzima. Mimi mzima. Natumaini na wewe na Callie hamjambo huko mliko.

Ile picha iliyowekwa ofisini ilipaswa kuwa ya kwako. Sikusema, naomba radhi. Na wale samaki walikuwa wazuri.

Mtihani ni mwezi wa tano. Sisi ni watatu tu, na Twyla halali vibaya, mguu wake mmoja tu ndio unaopiga teke. Tumezoea kula tumekaa kwenye ndoo. Miswaki yetu iko kwenye kikapu muda wote. Mvuke nimeshaupunguza, na taulo sasa naziweza, zitazame hizi mbili zilizoshika karatasi, zote nimekunja mimi. Wale wa Ohio mke anapenda nyumba ipendwe. Tukiwa wawili kazi itakuwa nyepesi.

Niambie tu kama huko juu nafasi ipo, na ngazi inashukia wapi, maana nimetafuta kuta zote sijaiona. Nijibu upesi, dada yangu. Watoto wanatoka shule saa tisa, na kesho asubuhi ufunguo wangu hautafungua tena.